Majani Saba ya Jerotich

Jerotich alikuwa na mwaka wa tatu Silver Spring, Marekani, kazi yake kuwatunza wazee majumbani mwao, na zilipita wiki nzima bila mtu kulitaja jina lake. Watoto wake walikuwa Kapsabet, Kenya, kwa dada yake. Edah, Mkisii aliyeishi naye, alifanya kazi hospitalini usiku na kulala mchana, hivyo waliandikiana vikaratasi na kuvibandika kwenye friji.

Januari 2006 ejensi iliyomwajiri ikampeleka kwa Bi Delphine Laboucane, mjane wa miaka themanini na moja aliyekaa ghorofa ya sita karibu na stesheni. Mikono yake ilitetemeka hata chai ikamwagika. Alimwuliza Jerotich jina, akalirudia mara nne mpaka akalipata.

Wiki ya pili alimwomba amtungie uzi kwenye sindano, akamwelekeza kwenye sanduku chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mfuko wa mahameli nyeusi, ambao upande wake wa chini ulikatwa vipande vinane vilivyoning'inia kama mikono ya pweza. Maua ya shanga, ndogo kuliko punje za wimbi, yalikuwa yameujaza, isipokuwa pembe moja iliyokuwa tupu. Mkanda wake ulikuwa wa ngozi iliyokaushwa kwa moshi. Jerotich aliunusa, akakumbuka kibuyu cha mama yake cha mursik, maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi, ikabidi aende jikoni kidogo.

Bibi alimweleza polepole, siku baada ya siku. Yeye ni Mmetis wa kaskazini mwa Kanada. Upande wa mama ni Wakri, wenyeji wa asili wa huko, upande wa baba ni Wafaransa waliokuja zamani kununua ngozi za wanyama. Mama yake alishona mifuko kama hiyo, wanaume wakabebea tumbaku. Huu aliuanza kwa ajili ya kaka yake, kaka akafa kabla haujaisha, naye akaufungia sandukuni miaka thelathini.

"Nataka kurudi nao kwetu ukiwa umekamilika," alisema. "Lakini mikono ndiyo hii."

Basi kila alasiri, baada ya dawa, Jerotich alishona na bibi akatazama. Sindano moja ilibeba shanga, nyingine ikazibana kwenye kitambaa, kila baada ya shanga mbili. Pembe ile tupu ilihitaji majani saba ya shanga, na la kwanza lilimchukua siku tatu.

"Fumua," bibi akasema.

"Mbona liko sawa, Bibi?"

"Kwa macho, ndiyo. Pitisha kidole."

Jerotich akapitisha, shanga zikacheza. Akafumua. Jani hilo alilifumua mara tatu, na hakuudhika. Hakuna aliyewahi kukaa naye kwa muda mrefu hivyo, akitazama anachofanya.

Mwezi wa nne akamaliza jani la saba, pembe ikajaa. Wiki iliyofuata mpwa wa bibi, Rosalie, akaja kumchukua. Jerotich alifungasha nguo, akawasindikiza mpaka kwenye teksi, na Jumatatu akapelekwa kwa mzee mwingine, mtaa wa Oxon Hill.

Agosti ikaja barua. Rosalie aliandika kwamba shangazi amefariki. Mfuko ulitundikwa juu ya jeneza, na watu wote walistaajabu jinsi bibi alivyoumaliza kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na kutetemeka kule. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya mfuko.

Jerotich aliisoma barua mara mbili. Akaandika jibu la pole, refu kuliko alivyokusudia. Habari za majani hakuzitaja.

Edah ndiye aliyesema, kwani habari za majani alikuwa amezisoma kwenye vikaratasi vya friji. Jumapili, wanawake wa kanisa walipokuwa wakila, alichukua picha mkobani mwa mwenzake bila kuuliza, akaweka kidole kwenye pembe.

"Haya majani saba ni ya huyu hapa."

Picha ikapita meza nzima. Wengine walisema ni kazi nzuri, wakarudi kwenye chakula. Ilirudi ina doa la mafuta. Jerotich alikuwa akilifuta, asitazame mtu, pale Leokadia, mama wa Kihaya aliyefua nguo hotelini, aliposogeza kiti.

"Dada, unaweza kunifundisha? Jumamosi sina zamu."

Jerotich alitaka kusema kwamba yeye mwenyewe hajui. Akasema saa nane.

Jumamosi hiyo alikaa dirishani tangu saa saba. Leokadia alichelewa saa moja na nusu, lakini alikuja.