Nilivyoisingizia Kerneli

Nimeshajicheka mwenyewe, kwa hiyo nanyi ruksa. Kwaya ilikuwa imejipanga studioni kwangu Kicukiro, mimi niko nyuma ya kioo na maiki ya kuongea nao, na hedifoni zangu ziko kimya kabisa. Nikailaumu kerneli mpya ya Linux, kile kiini cha mfumo wa kompyuta, niliyoiweka asubuhi: haielewani na kadi ya sauti! Nikawasha kompyuta upya kwa kerneli ya zamani, iliyo imara. Bado kimya. Nikanung'unika peke yangu, "Afadhali. Hawa soprano wanalia kama breki za pikipiki ikishuka mteremko wa Muhima."

Mlango ukafunguka. Mama Claudine, kiongozi wao, akainama akaokota waya wa hedifoni zangu sakafuni.

"Kaka, huu umechomoka. Maiki yako iko sawa, kule tunakusikia kila kitu kwenye spika. Sasa hizi breki ziimbe, ama zingoje?"