Habari Iliyotukosa Mtoni

Katikati ya miaka ya sabini, mimi na mume wangu tuliishi ndani ya mashua ya tanga kwenye mto Naili. Nyumba ya nchi kavu hatukuwa nayo. Tulilala chini ya turubai nyuma ya mlingoti, tukapikia jiko la mkaa, tukauza chumvi na sabuni kutoka Pakwach hadi Rhino Camp, na mpaka Laropi upepo ukikubali. Jioni tulitia nanga mbali na viboko. Niliyapenda maisha hayo. Mama yangu, aliyekuwa Koboko, hakuyapenda.

"Mtu akikutafuta amuulize nani?" aliniambia siku ya kuniaga. "Samaki?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alipougua, dada yangu mdogo alimtuma mchuuzi wa samaki aniletee habari. Mchuuzi alifika Rhino Camp akakuta tumepanda kwenda Pakwach, akampa ujumbe mwenye mtumbwi aliyekuwa akielekea huko. Naye alipofika, sisi tulikuwa tumeshageuza. Tulipita Rhino Camp bila kutia nanga, kwa kuwa upepo ulikuwa mzuri, tukashuka moja kwa moja hadi Laropi. Mume wangu alikuwa anaimba kwenye usukani.

Tuliporudi Rhino Camp, mwanamke aliyezoea kutuuzia muhogo aliingia majini kabla hatujafunga kamba.

"Mama yako iko mgonjwa sana," alisema. "Watu natafuta nyinyi kila mahali. Kwenda Koboko sasa!"

Mume wangu hakuweza kuiacha mashua na mali ya watu. Nilipanda lori la pamba peke yangu hadi Arua. Petroli ilikuwa ya kutafuta, nikashinda kituoni nimekalia kifurushi changu. Lori lililonichukua hatimaye lilipasuka gurudumu Manibe, tukiwa ndiyo kwanza tumetoka Arua. Dereva alilala chini yake akiziba, nami nikamsimamia kama vile kusimama kwangu kungemharakisha.

Koboko nilikuta mikeka imetandikwa uani. Hakuna aliyehitaji kuniambia.

Dada yangu alinishika mabega. "Tumemzika jana. Tulikungoja mpaka wanaume wakasema basi."

"Aliniulizia?"

"Kila asubuhi."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia umeshafika Arua." Akaufunika uso wake kwa ushungi. "Nisingeweza kumwambia sijui."

Alinipeleka kaburini. Nilikaa chini, nikaona matope ya mtoni yamenikaukia miguuni. Sikuwa nimenawa tangu Rhino Camp.

Baada ya matanga nilirudi kwenye mashua, lakini sikuiweza tena. Kila mtu aliyepunga mkono ukingoni alinishtua moyo. Mume wangu aliliona hilo. Hakunilaumu. Aliiuza mashua kabla ya mvua, tukapanga chumba Arua, nyuma ya soko, naye akajifunza kazi ya kushona magunia. Nakumbuka alivyokuwa akisimama mlangoni siku za upepo, mikono imelegea, akitazama mabati ya jirani yakitikisika.