Maneno ya Mzee Mfinyanzi

Kundi la simu la wateja wa zamani wa Banda la Masolwa, lile la kuonyeshea video, lilianzishwa kwa ajili ya kuchangia misiba. Misiba ilipotulia kidogo, wakaona wasikae bure, wakaanza kukumbushana filamu. Kila mtu atume maneno ya filamu anayoyapenda kuliko yote, na aseme yanamkumbusha nini.

Emilian, muuza asali, alitangulia kwa sauti yake nene: "Leo utalala na viatu, bwana mkubwa!" Akaeleza kwamba hayo ndiyo aliyomwambia mjomba wake siku alipochoka kuchapwa, na mjomba alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Doto akafuata: "Nilikuacha mbichi, nimekukuta umeungua." Kwa maneno hayo, alisema, alimpata mke wake Imakulata, ingawa Imakulata mwenyewe husema alimkubali kwa huruma tu.

Xavery aliyasikiliza hayo akiwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na simu, mtaa wa Kanyenye, huku akitabasamu peke yake. Maneno yote mawili yalikuwa yake. Hakuna mpiganaji wa Kichina wala mpenzi wa Kihindi aliyewahi kuyatamka. Miaka ile Masolwa alikuwa na televisheni moja na deki moja chini ya mabati, na Xavery ndiye aliyekuwa mkalimani. Alisimama kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria watu kila kinachosemwa. Kiingereza alikijua cha kidato cha pili. Kichina alikijua kama unavyokijua wewe. Mkanda ukija na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, alisoma. Ukija bila maandishi, alitunga. Watu walitaka kuelewa, naye aliwaelewesha.

Ndipo Prosperi akaandika. Prosperi ni fundi cherehani, rafiki yake wa miaka ishirini na tano, na vibanda vyao vinatazamana. Si mtu wa maneno mengi, hata kwenye simu.

"Mimi ya mzee mfinyanzi. Mwanangu, usibishe hodi. Mlango uliotokea nimeuziba kwa matofali. Yalinipa akili. Juzi nimemtumia binti yangu."

Tabasamu likamkauka Xavery usoni. Wenzake walikuwa bado wanacheka kwenye kundi, wanamsifu Mkalimani wao, naye akaifunika simu kifudifudi juu ya meza.

Prosperi alifika mjini kutoka Ulyankulu akiwa na miaka ishirini. Aliondoka kwao alfajiri bila kuaga, akachukua na baiskeli ya baba yake, mzee Viktori, akaiuza njiani. Kwa watu wake, kuondoka bila kuaga ni kumzika mzazi angali hai. Wakakutana bandani, wakapanga chumba kimoja, Prosperi akawa anabeba betri na kubandika matangazo ya filamu. Mwaka mzima ukapita. Kisha siku moja asubuhi, akiwa anapiga mswaki, akasema, "Leo nikitoka kwenye filamu, kesho naenda nyumbani. Nitampigia magoti mzee." Mfuko wake ulikuwa umeshafungwa, uko nyuma ya mlango.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya Kichina, ya mtoto wa mfinyanzi aliyetoroka akaenda vitani. Mwishoni anarudi amechakaa, anapiga magoti mlangoni, na baba yake, mikono imejaa udongo, anamtazama na kusema neno fupi. Mkanda haukuwa na maandishi. Banda zima likanyamaza kumsubiri mkalimani. Xavery hakujua yule mzee alisema nini. Lakini alijua Prosperi amekaa benchi la tatu, na alijua kwamba akienda Ulyankulu hatarudi, na chumba kitabaki na mtu mmoja. Akasema lile la matofali. Watu wakapiga makofi. Prosperi hakupiga. Usiku huo aliufungua mfuko wake, akatundika mashati ukutani moja moja, na Xavery akajifanya amelala.

Tangu hapo Prosperi hakwenda. Mzee Viktori, kwa upande wake, kila msimu wa mavuno alimpa mtu wa gari gunia dogo la maharage ampelekee mwanawe mjini. Prosperi aliyaona kuwa masimango. "Anataka nione nilichokiacha," alisema, na akakataa hata kuyaonja. Aliyeyapika na kuyala alikuwa Xavery, kwa misimu sita, mpaka mzee alipofariki.

Hayo yote Xavery alikuwa ameshajizoeza kuishi nayo, kama mtu anavyozoea jino bovu kwa kutafunia upande mwingine. Sasa lilikuwa limeguswa.

Kesho yake akapigiwa simu na Uwimana, binti ya Prosperi, ambaye Xavery ndiye baba yake wa ubatizo. Msichana huyo aliacha chuo cha ualimu miaka miwili iliyopita, akaenda Nzega kuwapikia wachimbaji, naye hakuaga. Damu ni damu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima. Baba, nilimwandikia mzee nataka kuja Pasaka kumwomba radhi. Kanijibu kwa maneno ya filamu. Eti nisibishe hodi. Ndiyo nini? Basi nisije tena?"

Xavery akamwambia angoje kidogo. Akakata simu.

Siku tatu alilitazama duka la upande wa pili asivuke. Aliona haya, na aliogopa, na kuona haya kwa kuogopa kwake kukazidi kumlemea. Ya nne akavuka. Prosperi alikuwa anashona gauni jeupe la komunyo ya kwanza, pini zimejaa mdomoni.

"Karibu, Mkalimani."

"Prosperi, yale maneno ya mfinyanzi nilitunga. Yule mzee hakusema vile."

Prosperi akatoa pini moja moja mdomoni, kisha akacheka mpaka cherehani ikatikisika. "Ndiyo unakuja kuniambia leo? Sisi sote tulijua unatunga! Kuna siku Mhindi alisema maneno mawili, wewe ukahutubia mpaka mkanda ukaisha!"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Angecheka naye, angeomba maji ya kunywa, angerudi zake kwenye redio. Xavery aliitazama nafasi hiyo, akaitamani.

"Sijamaliza," akasema. "Nilikuona. Nilijua umekaa benchi la tatu na mfuko umefunga. Sikutaka uende. Nilikutungia wewe."

Prosperi akaacha kucheka, uso wake ukizeeka.

"Kwa hiyo yule mzee alisema nini?"

"Mwaka juzi mteja aliniletea filamu ileile, ina maandishi. Nikasoma." "Alimuuliza, 'Umekula?'"

"Halafu?"

"Basi. Anamuuliza kama amekula, anampakulia."

Prosperi akaliweka gauni pembeni taratibu, asilichafue. "Mwaka juzi," akasema. "Umekaa nalo tangu mwaka juzi, tunakunywa chai pamoja."

"Ndiyo."

"Na yale maharage ya baba yangu..."

"Niliyala mimi."

"Yote?"

"Yote, Prosperi."

Xavery alitarajia kupigwa, na angeshukuru kupigwa. Prosperi akainuka tu, akamshika bega, akamgeuza kuelekea nje kama mtu anavyomtoa mtoto jikoni. "Nenda dukani kwako," akasema.

Kwenye kundi Prosperi hakuandika tena. Asubuhi alifungua duka bila kutazama upande wa pili. Xavery alisalimia mara mbili, mara ya tatu akaacha, maana hata salamu ilianza kuonekana kama kujipendekeza.

Ijumaa Kuu Uwimana akapiga simu. "Baba, mzee kanipigia! Hakusalimia wala nini. Kauliza, 'Umekula?' Nikamwambia, mzee, mimi mama lishe, nitakosaje kula? Akaanza kulia. Ana nini baba yangu?"

"Njoo nyumbani tu," Xavery alimjibu. "Usichelewe."

Akaja. Jumatatu ya Pasaka Xavery alimwona akishuka kwenye bodaboda na mfuko wake, na Prosperi akitoka dukani, futi ya kupimia bado shingoni. Uwimana alipotaka kupiga magoti, baba yake alimdaka viwiko, akaupokea mfuko, wakaongozana kwenda nyumbani. Xavery alifurahi sana, lakini furaha yenyewe aliiona kama kitu alichookota kwenye ua wa mtu.

Saa saba mchana Prosperi alirudi dukani, na baadaye kidogo Uwimana akavuka barabara, amebeba bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Nimepika mwenyewe, baba. Mzee kasema nikuletee, ya moto hivihivi."

Xavery akafunua. Yalikuwa maharage, na juu yake kijiko.

"Kasema haya nayo uyamalize," Uwimana akasema, akicheka, kwa kuwa hakujua.

Upande wa pili Prosperi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, mikono imetulia, anamtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Xavery akashika kijiko, akala, huku akitazamwa, mpaka bakuli likaisha.