Bahasha ya Kaki ya Darasa la Saba

Maafisa wawili walitoka wilayani Kilosa kuja kunihoji kwa kuvujisha mtihani.

Sasa sikia. Bahasha niliivujisha kweli. Mimi mwenyewe, na akili zangu timamu.

Na bado sikuwa na kosa.

Naitwa Goodhope, mwalimu wa hisabati shule moja ya msingi kata ya Zombo. Watoto wananiita Mwalimu Mafumbo, kwa sababu kila hesabu yangu ina mtu wa hapahapa. Mama Letisia na madebe yake ya mahindi, Mzee Abubakari na mbuzi wake. Ndivyo ninavyofundisha, sijui namna nyingine.

Mwaka juzi, kwenye moko, ule mtihani wa majaribio wa darasa la saba, tulishika mkia kata nzima. Mwaka jana mratibu elimu kata, Madam Magreth, akaja ofisini kwetu mapema. Hata maji hakunywa.

"Mwalimu Goodhope, ukishika mkia tena, napeleka jina lako wilayani. Malolo wana uhaba wa walimu."

Malolo, kule mbali! Mke wangu Editha alikuwa na mimba ya miezi saba, na nyumba ndiyo kwanza tumeezeka. Niliogopa, siwafichi.

Nikaanzisha masomo ya ziada jioni. Siku ya kwanza walikuja wanne. Ya pili wakaja wawili, na mmoja alikuwa amefuata kalamu yake. Wengine wote wako mpungani wanaamia ndege.

Ndipo nikapata mchongo.

Nikatunga maswali arobaini, mada zote za darasa la saba. Nikapanda bodaboda ya Petro mpaka Mikumi, nikachapisha stesheneri. Juu nikaandika SIRI kwa herufi kubwa. Nikatia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa solatepu, nikamwita Mwanasha. Binti huyu hajawahi kukaa na neno tumboni dakika kumi.

"Peleka ofisini. Ni mtihani wa moko. Usifungue, na usimwambie mtu!"

"Sawa, mwalimu," akajibu kwa adabu zote.

Ofisi iko hatua ishirini. Bahasha ilifika baada ya saa mbili.

Kesho yake darasa zima lina nakala za mkono. Ila maswali ya wizi hayaji na majibu, ndugu zangu! Ikabidi wayakokotoe. Jioni nikashangaa darasa limejaa, hakuna aliyeenda mpungani.

"Shikamoo mwalimu. Hivi, kwa mfano tu, mtu akitaka kujua mzingo wa duara anafanyaje?"

"Marahaba. Kwa mfano tu, eeh?"

Nafundisha huku nabana kicheko. Wiki iliyofuata nikavujisha nyingine, nikadai ile ya kwanza imefutwa. Zikafika bahasha tano.

Matokeo yalipotoka, tulikuwa wa pili kata nzima. Nilicheza ofisini peke yangu.

Halafu kikanuka. Kuna mtu alipiga simu wilayani, eti shule yetu ilikuwa na mtihani mkononi.

Maafisa wakapekua madaftari, wakazikuta karatasi. Mkubwa wao, Bwana Wenceslaus, akazilaza kando ya mtihani halisi, akasoma kwa sauti:

"'Petro ameondoka Zombo saa mbili kwenda Mikumi. Pikipiki ikamzimikia njiani kama kawaida yake...' Huyu Petro ni nani?"

Nje ikasikika pikipiki ikigoma kuwaka.

"Ndiye huyo," akasema mwalimu mkuu.

Wakalinganisha swali kwa swali. Hakuna hata moja lililofanana. Bwana Wenceslaus akavua miwani, akacheka mpaka akaomba maji.

Nikajiona kichwa. Jioni nikamwita Mwanasha nimtambie.

"Mmeingia mkenge! Ile mitihani yote nilitunga mimi."

"Tulijua, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Bahasha ya kwanza. Mtihani wa wilaya nzima unamjuaje Petro?"

"Sasa mbona mliendelea kuiba?"

Akainamisha kichwa. "Dirisha la ofisi halina kioo, mwalimu. Siku Madam anakutisha na Malolo, tulikuwa tunafagia hapo nje. Hatukutaka uondoke. Lakini nyumbani ukiomba ruhusa ya masomo ya ziada, unaambiwa mpunga utaliwa na ndege. Tulipowaambia wazazi tumepata moko ya wizi, baba mwenyewe akaenda kuamia."

Machozi yakanitoka.

Mtoto wetu amezaliwa hapahapa Zombo. Na juzi, kwa darasa la saba jipya, nimesahau bahasha ya kaki mezani. Nilipogeuka mlangoni, nikamwona binti mmoja, Joha, anaukazia macho ubao kama hajaona kitu.

Nami nikajifanya sijamwona.

Nilichojifunza ni hiki: ukimdanganya mtoto akadanganyika kirahisi mno, usijisifu kwanza. Jiulize yeye anamdanganya nani.