Pengo la Delaware

Kwanza tuelewane: Mwalimu Gudrun Tveit hakuwa mpole. Siku hizi watu wakiwakumbuka walimu wao wa zamani huwafanya malaika. Mimi alinivuta sikio hili la kushoto miaka minane mfululizo, na mpaka leo nikilishika naisikia sauti yake: "Arvid Skogmo! Mji mkuu wa Nebraska!" Lincoln, Mwalimu. Nina miaka sabini na minne, miwani yangu sijui nimeiweka wapi, lakini Lincoln haitoki kichwani.

Shule Namba Nne ilikuwa chumba kimoja tu katikati ya mashamba ya ngano, hapa Dakota Kaskazini. Wanafunzi kumi na watano, wadogo kwa wakubwa, mwalimu mmoja, jiko moja la makaa. Loo, jiko lile! Asubuhi za Januari tulianika glavu zetu za sufu juu yake, chumba kizima kikanuka kondoo aliyenyeshewa. Makopo ya chakula tuliyapanga pembeni yake ili lefse, zile chapati za viazi za mama zetu, zisigande. Ningepewa nafasi ya kuinusa harufu ile tena, hata kwa dakika moja, ningeenda kwa miguu.

Mwalimu Tveit aliijua Amerika yote kwa moyo: mito, milima, nani alipigana na nani na wapi. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wa Dakota. Mwaka ule alioajiriwa mama yake alipooza, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Basi akatutuma sisi. Kila aliyemaliza darasa la nane alipewa mkono, akaambiwa maneno yaleyale: "Popote utakapofika, niletee jimbo."

Maana yake ilikuwa kadi ya posta. Alizibandika ukutani nyuma ya jiko, kila jimbo mahali pake kama kwenye ramani, Maine kule juu kulia, California kule kushoto. Na alikuwa na sheria, jamani, sheria ngumu kuliko za kanisani. Kadi iandikwe na mwanafunzi wake, mwanafunzi huyo awe amesimama kwa miguu yake katika jimbo lenyewe, na muhuri wa posta uwe wa hukohuko. Ukimletea mkononi haipokei. Alikuwa anaikagua mihuri kwa kioo cha kukuzia, bibi yule!

Mwaka 1943 mimi nilikuwa askari, tunasafirishwa kwa treni kutoka Georgia kwenda kupanda meli New York. Treni ikasimama kidogo Wilmington, jimbo la Delaware. Ruhusa ya kushuka hakuna. Nikamwita muuzaji dirishani, nikanunua kadi yenye picha ya bandari, nikaiandika palepale juu ya goti: "Mwalimu, nimekuletea Delaware." Kabla sijampa mtu wa kuiposti, treni hiyoo! Delaware yenyewe ndogo, ukipiga chafya umeshaivuka. Nikaiposti Philadelphia, nikajisemea, ah, nani atajua.

Kadi ilinifuata mpaka Uingereza ndani ya bahasha. Imechorwa mstari mwekundu toka pembe hadi pembe, na chini yake kwa mwandiko wake ulionyooka: "Muhuri ni wa Pennsylvania. Pennsylvania ninayo. Rudia."

Rudia! Mtu nangojea kuvushwa kwenda vitani, ananiambia rudia! Wenzangu kambini walicheka mpaka wakashika mbavu. "Skogmo, umefeli Delaware!" Nilifura kwa hasira. Nikaikunja kadi, nikaipachika ndani ya kofia yangu ya chuma, nikaapa kwamba nitarudi, niende nikamrushie yule bibi mezani.

Na kweli nilirudi, nikamrushia. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Nikaona ananidharau. Nikatoka bila kuaga, na mlango nikaubamiza.

Miaka ikaenda. Ukuta ukajaa. Hata Rhode Island ilipatikana, Solveig Fossum aliolewa kule. Ilibaki Delaware peke yake, pengo la ukubwa wa kiganja. Ajabu kabisa, hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa na shughuli Delaware! Kila Jumapili baada ya ibada, tukinywa kahawa kwenye chumba cha chini ya kanisa, Mwalimu alinisogelea na kikombe chake. "Arvid, Delaware hawajambo?" Watu wote kicheko. Mimi naangalia kahawa yangu.

Halafu mwaka 1958, kaunti ikaamua kuifunga Shule Namba Nne. Watoto watachukuliwa na basi kwenda mjini. Mlango utafungwa Ijumaa ya mwisho ya Mei. Jumapili moja katikati ya mwezi ule nilimkuta Mwalimu kanisani amekaa peke yake, kikombe kimepoa mkononi. Hakuniuliza habari za Delaware. Alisema tu, polepole, "Miaka thelathini na mmoja, Arvid. Nilidhani nitaumaliza ukuta wangu."

Bora angenivuta sikio. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwambia mke wangu, Borghild, kwamba naenda Delaware.

"Kufanya nini?"

"Kuposti kadi."

Akaweka chini sufuria. "Arvid, una wazimu? Nusu ya ngano haijapandwa. Mwanamume gani anaacha trekta shambani mwezi wa Mei? Watu watasemaje?"

"Watasema nimefeli tena nikienda au nisipoenda. Kaka yako anaweza kuendesha trekta."

"Kaka yangu anapanda mistari iliyopinda!"

"Basi ipinde mwaka huu."

Alininunia siku nzima. Lakini alipoona mvua imetufungia mashamba na mimi bado nafunga begi, akanifungia sandwichi za kutosha kijiji, akasema, "Posti mbili. Moja ikipotea, nyingine ifike." Ndiyo maana nilimuoa.

Niliendesha siku nne. Minnesota, Wisconsin, Illinois, Indiana, Ohio. Kila nilipovuka mpaka nilijikuta naropoka mji mkuu kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, mtu mzima wa miaka thelathini na saba. Nikafika Dover, mji mkuu wa Delaware, Jumamosi kabla ya saa sita. Nikasimama kwenye majani mbele ya posta, nikavua viatu. Sijui kwa nini. Nikaandika: "Mwalimu, nimesimama hapa kwa miguu yangu miwili. Nimerudia." Nikaziposti mbili, nikageuza gari.

Nilifika nyumbani Jumatano. Kadi haijafika. Alhamisi haijafika. Ijumaa wazazi wote walikuja na meza zao, nyama na viazi vya kuoka, pai za rhubabu, watoto wanakimbiana. Mwalimu hakujua lolote. Borghild alikuwa amewaambia watu nimekwenda kutafuta kipuri. Saa tano ikapita, wakati wa gari la posta kupita. Saa sita kasoro. Tulikuwa tumeanza kuishusha bendera, na mimi roho iko juu, niliposikia honi kule barabarani.

Torvald wa posta alishuka na kadi mbili zote, anacheka. Kumbe ameshazisoma. Kwetu hakuna siri ya kadi.

Mwalimu alizichukua, akaingia ndani. Nikamfuata. Alichukua kioo chake, akaukagua muhuri. Akaukagua tena. Kisha akabandika moja kwenye pengo, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka ikalala sawa. Mimi nasubiri anisifu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Badala yake aligusa kadi ya Georgia. "Nels Bakken aliniletea hii. Muhuri sawa, mwandiko sawa. Nilimwandikia kwamba amepata alama zote." Akagusa ya California. "Odin Fossum. Naye alama zote." Nels alifia Italia. Odin alizama Pasifiki. Nilisoma nao dawati moja.

"Nilipoona yako ina kosa," akasema, "nilipiga magoti hapahapa sakafuni, Arvid, nikamshukuru Mungu. Nikajua huyu nina cha kumrudishia, naye ana la kurudi kulimaliza. Wewe nilikufundisha miaka minane. Nilijua ukikasirika, hata mzinga haukuzuii kuja kubishana."

Nililia mbele ya ukuta ule, na yeye akanishika sikio, lile la kushoto, taratibu tu, bila kulivuta.

Alikufa miaka sita baadaye. Wakati huo Alaska na Hawaii zilikuwa zimeshaingia, na alilalamika hadi mwisho kwamba serikali imemharibia ukuta. Alaska nilikwenda, nikaiposti kwa anwani ya shule, nikaipokea mwenyewe, maana kile chumba nilikinunua na ukuta wake. Iko pale, juu kabisa kushoto.

Hawaii bado. Wajukuu wamenikatia tiketi mara mbili, na mara mbili nimekataa. Msimu huu wa baridi mapafu yalinilaza hospitali wiki tatu, na Borghild, akiwa amekaa kando ya kitanda, akasema, "Mzee wangu, si tungekwenda tu tukaimalize hiyo Hawaii?"

"Thubutu," nikamwambia. "Nani kakuambia nataka kumaliza?"

Akanitazama, akaelewa, akanivutia blanketi mpaka shingoni. Aprili nikatoka hospitali. Mei nilikuwa shambani, napiga kelele kwamba mistari imepinda.