Ukuta Nyuma ya Mama

Ufa ulianzia kwenye dirisha la chumba cha mama ukashuka hadi karibu na mto wake. Tuliishi mtaa wa Fedha, ghorofa ya tano. Mwenye nyumba alikuwa akiahidi fundi tangu mvua za mwaka uliopita, kwa hiyo tukaamua kulalamika kwenye ofisi ya wapangaji. Walitaka picha itumwe kupitia tovuti yao.

Nilitaka kuupiga picha ukuta peke yake. Mama akakataa.

"Nani atahurumia simiti?"

Akavaa sare ya kanisa, akajipaka mafuta usoni, akasimama akiunyooshea ufa kidole. "Piga sasa. Na usinikate miguu."

Kibarua changu wakati huo kilikuwa kutazama picha kwenye kompyuta na kubofya mahali jicho langu lilipotua kwanza. Msimamizi alitueleza kwamba kompyuta ingejifunza kwetu: panapotazamwa na watu paachwe wazi, kwingine kote kubanwe hata kukififia, ili picha iwe nyepesi kutuma. Sote tulibofya nyuso. Haikunijia akilini kwamba tovuti ya ofisi nayo ilibana hivyo hivyo. Nikatuma, na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikaifuta picha yenyewe.

"Mama ametoka vizuri," afisa aliniambia wiki iliyofuata. "Lakini anaonyesha nini?"

Nikainama kwenye skrini. Kila kunjo la uso wake lilikuwepo, hata vifungo vya sare. Nyuma yake ukuta ulikuwa kama uji. Ufa haukuwepo.

"Leta nyingine," akasema.

Nyumbani nilipokelewa na harufu ya plasta mbichi. Keateka, mtunzaji wa ploti aliyewekwa na mwenye nyumba, alikuwa ameuziba ufa na sasa akiosha mwiko wake, akicheka.

"Mathe, hebu nionyeshe huo ufa."

"Basi lala hapo wewe," mama akamjibu.

Ofisi ikafunga malalamiko: hakuna dosari iliyoonekana. Mvua ilipoanza, plasta ikapasuka palepale. Tuliporudi ofisini, wakatuambia suala hilo lilishaamuliwa.

Sasa mama hulala kwenye kochi. Aliniomba niichapishe ile picha iliyobaki kwenye tovuti, kwa maana hajawahi kutoka hivyo, na imetundikwa juu ya kichwa chake. Wageni humsifu uso. Ukuta nyuma yake ni laini, safi, kama wa nyumba ya tajiri. Hakuna aliyewahi kuuliza kile kidole kinaonyesha nini.