Mbuzi wa Wakaguzi

Nilikuwa nafundisha uhasibu chuoni Moshi, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlimani na magari yao, tulipoletewa mtaalamu wa ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. Alikuwa kijana mwenye shahada ya ng'ambo na kompyuta ndogo ambayo aliifunika kwa kitambaa kila umeme ulipokatika, kama anayemfunika mgonjwa. Alitakiwa kuchunguza kama ukaguzi wa hesabu huviletea faida vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa. Mimi nilipewa kumsindikiza.

Akavigawa vyama makundi mawili: vilivyokaguliwa na visivyokaguliwa. Vilivyokaguliwa vilikuwa na faida. Kompyuta ikaafiki. Akapendekeza kwamba visivyokaguliwa vivunjwe.

Kimoja cha kuvunjwa kilikuwa Machame ya juu, karibu na msitu. Mwenyekiti wake, mzee aliyezeekea kwenye kahawa, alinifuata chuoni, kofia mkononi. Chama kikifa, wakulima wake wangebaki na mnunuzi mmoja tu ambaye gari lake liliweza kufika kule, na huyo alikuwa akitaja bei bila kuzima injini.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini hamkaguliwi?"

"Marahaba. Wakaguzi wanataka mbuzi, mwalimu. Sisi tuna ndizi."

Hapo nikaelewa, na wewe utaelewa, maana si jambo gumu. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa. Wakaguzi, watu wa heshima kupita kiasi, walizoea kwenda penye uhakika wa supu. Chama chenye uwezo wa kuchinja ni chama ambacho tayari kina faida. Kwa hiyo si ukaguzi ulioleta faida. Faida ilileta mbuzi, na mbuzi akaleta wakaguzi.

Nikamweleza mtaalamu polepole, kama ninavyomweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alisikiliza vizuri.

"Takwimu za mbuzi unazo?"

"Sina."

"Basi mbuzi hayupo."

Sikumkatia tamaa. Nikamshauri akipe chama kile msimu mmoja: kikaguliwe bila mbuzi, kisha mabadiliko yake yalinganishwe na ya chama jirani ambacho hakitakaguliwa. Alilipenda wazo, hasa nilipokubali kwamba ni lake. Wakaguzi wakapanda, wakala ndizi, wakanuna, wakakuta hesabu safi.

Msimu huo bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Mtaalamu alirudi Machame na wakubwa zake, akasimama mbele ya mkutano wa wakulima akatangaza kwamba ukaguzi umekiokoa chama chao. Chama jirani, ambacho hakikukaguliwa, kilikuwa kimepata faida vilevile. Hakukitaja. Nikainua mkono.

Mwenyekiti, aliyekaa ubavuni kwangu, akaushusha taratibu.

"Unataka kumwambia nini, mwalimu?"

"Kwamba amekosea. Ni bei, si ukaguzi."

"Akikuelewa, anaweza kutuvunja?"

"Anaweza."

"Basi mweleze vizuri, kama unavyojua wewe. Lakini akishatia saini ripoti yake."

Akatia saini. Chama kikabaki. Nyuma ya ghala moshi ulikuwa unapanda, kwa kuwa sasa chama kilikuwa na uwezo, na wakaguzi walikuwa wameshakaa, kila mmoja na kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakimwahidi mwenyekiti kwamba mwakani watawahi zaidi.

Nilimkatia mtaalamu ubavu mnono nikamwambia hii ndiyo takwimu niliyoikosa siku ile.

Akaomba chumvi.